Tumeuliza kama kuna nguruwe, tukaambiwa hakuna, tukalishwa nguruwe

Wakuu, nina hasira ya kweli. Mlioko huku Australia nje ya miji mikubwa, naomba mnisome, maana linaweza kuwakuta na nyie.

Tunaishi mji wa mashamba Goulburn Valley, kaskazini mwa Melbourne. Sehemu za kula ni za kuhesabu, na mojawapo ni mgahawa wa Kivietinamu barabara kuu. Jina naliacha. Kwenye kioo cha mlangoni wamebandika karatasi kwamba chakula cha halali kinapatikana, na ndiyo iliyotuingiza. Ilikuwa Jumapili, tukiwa na watoto na mama mkwe, aliyekuja kututembelea kutoka Tanga.

Kabla ya kuagiza nikamwambia mhudumu, polepole na waziwazi: sisi Waislamu, nguruwe hatuli kabisa, nionyeshe visivyo na nguruwe. Akanyoosha kidole kwenye bun bo Hue, supu ya tambi, akasema hii ya ng'ombe. Nikamuuliza na cha gio, zile za kukaanga zilizoviringishwa. Akasema hizo ni kuku. Sikuishia hapo, nikauliza na supu yenyewe je? Akajibu hakuna shida.

Bakuli likaja linafuka moshi, mchaichai unanukia mpaka meza ya pili. Mama akala vijiko kadhaa, kisha akachota chini kabisa. Kijiko kikapanda na kipande cha kongoro, cha duara, mfupa mdogo katikati na ngozi nyeupe imekizunguka pande zote. Mama amepika makongoro maisha yake yote. Akakiangalia, akaniuliza, "Mwanangu, huyu ng'ombe gani mwenye mguu mdogo hivi?" Mwanangu wa kiume alikuwa ameshamaliza cha gio mbili. Nikaifungua ya tatu: uyoga mweusi, tambi nyembamba na nyama ya kusaga ambayo si kuku hata kidogo.

Nikamwita mwenye mgahawa. Hakukataa. Alichosema ni kwamba nguruwe "ni kidogo tu, ya kuipa supu ladha," na kwamba wateja wengine hawajawahi kulalamika. Watalalamikaje wakati hawajui wanachokula? Mama ameinamisha kichwa, hataki hata maji, na mtu anatuletea bili kamili pamoja na nyongeza ya asilimia 10 ya wikiendi!

Msinielewe vibaya, chakula cha Kivietinamu nakipenda. Pho, supu yao nyingine ya tambi, ya ng'ombe iliyopikwa vizuri ina mdalasini, karafuu na tangawizi iliyochomwa. Mtu wa pwani akiinusa anakumbuka pilau. Footscray na Springvale, vitongoji vya Melbourne, nimekula kwa raha, mama wa jikoni anatoka mwenyewe kukwambia hiki acha, kile chukua. Kwa hiyo asije mtu hapa kunieleza habari za tofauti za utamaduni. Kati ya Wavietinamu kuna Wabuddha wengi, na wapo wanaoacha nyama tarehe 1 na 15 za mwezi mwandamo. Wanajua vizuri sana maana ya mtu kusema hiki sili. Vietnam kwenyewe kuna Waislamu, Wacham wa mkoa wa An Giang, wanaotengeneza soseji zao za ng'ombe. Na mpishi yeyote wa bun bo Hue anajua kwamba kwa kawaida huchemshwa kwa mifupa ya nguruwe pamoja na ya ng'ombe. Aliyetujibu alikuwa na jiko hatua chache nyuma yake, angeenda kuuliza.

Angesema tu "dada, hapa hamna chakula chenu," tungeshukuru, tukaondoka. Kinachoniuma ni ile karatasi ya mlangoni. Sheria ya walaji ya Australia, inayotumika tangu 2011, inakataza mfanyabiashara kumpotosha mteja, na kuandika halali kisha kuweka kongoro la nguruwe ndani ya bakuli ni kumpotosha mchana kweupe.

Nimepeleka malalamiko halmashauri na Consumer Affairs Victoria, ofisi ya jimbo inayoshughulikia haki za walaji, pamoja na picha ya karatasi, bili na bakuli. Pesa wakitaka wabaki nazo. Ninachotaka ni ile karatasi ibanduliwe, na mama mkwe wangu aombwe radhi uso kwa uso kabla hajapanda ndege.

Mlioko Mildura, Bendigo, Shepparton na kwingineko, kama kuna mgahawa uliowafanyia hivi, andikeni hapa. Na mkienda kula, ulizeni habari ya supu, msiishie kwenye nyama.