Tupeane uzoefu: saa ya barua pepe imewahi kukuponza?

Mtoto wa Kondele: Leo nimepata barua pepe kutoka Uingereza, mahojiano ni "12:00 GMT", yaani saa za Greenwich, Uingereza. Nikacheka peke yangu. Mwaka ule niliingia saa kumi na mbili jioni, juu tai, chini kaptula ya kulalia, nikakodolea skrini tupu. Kumbe 12:00 yao ni saa sita mchana, na hapo kwetu ni saa tisa alasiri. Walisubiri wakachoka. Wenzangu mlipona?

Mama Pacha: Yalinifika. Na tangu mwisho wa Machi hadi mwisho wa Oktoba wanasogeza saa, tunawapita kwa mbili badala ya tatu.

Niko Bungoma: GMT haisogei, mama. Wanaosogea ni wao. Mtu wa London akikuandikia GMT mwezi wa saba, muulize kama ni GMT kweli ama ni saa ya ukutani kwake.

Mama Pacha: Si ndiyo nimesema?

Niko Bungoma: Hukusema.

Dada wa Kibuye: Ngojeni niwape yangu. Mwezi wa nane, hapa Kisumu, ofisi fulani ilitaka bei za vifaa vya kuandikia, mwisho saa kumi na moja jioni, kwa barua pepe. Stima inapotea, inarudi. Nilikuwa na laptopu ya mtumba, wiki moja tangu niinunue. Saa yake ilikuwa ya ajabu, nikaisogeza kwa mkono mpaka ikalingana na simu. Nikatuma saa kumi na dakika arobaini, nikaenda zangu kula samaki.

Siku nne baadaye naambiwa nilichelewa, barua yangu ni ya saa nane na dakika arobaini usiku. Usiku huo nilikuwa nakoroma! Nililia pale kaunta hadi mlinzi akaniletea kiti. Karani akanigeuzia skrini: 02:40, tarehe ya kesho yake. Hakuwa anadanganya.

Kijana wa saiba ndiye aliyenitoa. Alifungua nakala niliyotuma, akaweka kidole kwenye mstari wa tarehe: 16:40 -0700, yaani saa saba nyuma ya GMT. Laptopu bado iliamini iko California. Nilikuwa nimesogeza mishale tu, ukanda wa saa sikuugusa. Saa kumi na dakika arobaini jioni kule, huku ni usiku wa manane. Kompyuta ya karani ilipiga hesabu sawasawa, juu ya uongo wangu mwenyewe.

Mzee wa Kaptembwo: Uuuwi.

Fundi Simu: Hiyo tarehe huandikwa na mashine ya mtumaji, hata kama imelewa. Tafuta mistari ya Received ("imepokelewa"), ile iliyofichwa kwenye maelezo kamili ya barua. Kila mtambo unaopitisha barua hugonga muhuri wake kwa saa yake, wa mwisho hukaa juu, kwa hiyo unasoma kutoka chini kupanda. Na acheni kusogeza saa kwa mkono! Chagueni Nairobi, iwe otomatiki.

Jirani wa Fundi: Otomatiki iliniamsha saa kumi alfajiri simu ikidhani iko nchi nyingine. Mimi kila kitu nimeweka UTC, ile saa ya dunia inayolingana na GMT.

Mama Pacha: Na mkeo unamwambia utarudi saa ngapi UTC?

Mla Omena: Wamarekani wakisema mwisho 11:59 usiku, saa za mashariki, msikimbie. Kwetu bado ni karibu saa mbili asubuhi ya kesho yake, na wakati wa kiangazi chao karibu saa moja. Mimi hulala kwanza.

Niko Bungoma: Msimsikize huyu. Tumeni siku mbili kabla.

Mtoto wa Kondele: Dada wa Kibuye, iliishaje?

Dada wa Kibuye: Muhuri wa mtambo wao wenyewe ulisema 13:40 +0000, yaani saa kumi na dakika arobaini yetu. Tukauchapisha, nikawapelekea. Wakakubali kuifungua bahasha yangu.

Mla Omena: Ukapata kazi?

Dada wa Kibuye: Bei yangu ilikuwa juu.