Bakteria walianza kutoa oksijeni mapema, mbona hewa ilichelewa kubadilika?

Nyangumi77
Wakuu habari zenu. Kuna kitu kwenye historia ya dunia kinanisumbua muda mrefu. Kila ninaposoma naona inasimuliwa hivi: walitokea bakteria wa kijani, wakatoa oksijeni, hewa ikajaa, wanyama wakaja. Lakini ukiweka tarehe mezani hazikubali kabisa, maana dunia ina miaka kama bilioni 4.5, alama za uhai zipo kwenye miamba ya Pilbara kule Australia Magharibi yenye karibu miaka bilioni 3.5, halafu wapo watafiti wanaoona dalili za oksijeni ya viumbe kwenye miamba ya Afrika Kusini ya karibu miaka bilioni 3, ila angahewa yenyewe inakuja kubadilika kama miaka bilioni 2.4 iliyopita, na viumbe wakubwa wa baharini mpaka kama milioni 575 ndo unawaona. Huko katikati kulikuwa na nini? Kama mtambo wa oksijeni ulishawashwa, ile oksijeni ilikuwa inaenda wapi miaka yote hiyo? Na nani alikuwa anamsubiri mwenzake, uhai unaisubiri dunia au dunia inausubiri uhai?

Jiwe la Kale
Mkuu umeuliza pale penyewe. Kuna hesabu moja inarukwa sana. Usanisinuru, yaani kutumia mwanga wa jua kujitengenezea chakula, unatoa oksijeni kweli, ila oksijeni inapotoka kuna kaboni inabaki imejengwa ndani ya mwili wa huyo bakteria. Akifa akaoza, wanaomla wanaitumia oksijeni ileile kumvunjavunja na kaboni inarudi ilikotoka. Jumla ni sifuri. Ni kama mshahara unaoingia asubuhi na kuisha jioni, unaweza kulipwa miaka na miaka na usiwe na akiba. Akiba inapatikana pale tu mabaki yanapofukiwa kwenye matope chini ya bahari kabla hayajaoza, hapo oksijeni inakosa wa kuitumia ndo inabaki.

Kwa hiyo ukiniuliza mimi, kutengeneza oksijeni ni nusu tu ya habari, nusu nyingine ni matope. Na matope ni kazi ya dunia yenyewe, yanataka mabara yaliyonyanyuka juu ya maji, mvua ya kuyamomonyoa, mito ya kubeba, na bahari za kina kifupi pembeni ya bara ambako mashapo yanatulia. Dunia changa haikuwa na mabara mengi ya namna hiyo.

Halafu hata kile kidogo kilichobaki kilikuwa na wadai. Bahari za wakati ule zilikuwa na chuma kingi kimeyeyuka ndani yake, na volkano zilikuwa zinatapika haidrojeni na gesi za salfa, na vyote hivyo vikikutana na oksijeni vinaimeza. Kwa hiyo bakteria wangeweza kufanya kazi kwa mamia ya mamilioni ya miaka na hewa juu isibadilike. Jambo jingine ambalo halisemwi sana ni kwamba haidrojeni ni nyepesi mno na inatoroka kwenda angani, methani ikifika juu inavunjwa na mwanga wa jua, haidrojeni yake inaponyoka na hairudi tena. Kila inapoondoka, wadai wanapungua huku chini. Polepole sana lakini inaelekea upande mmoja tu.

Darubini
Naongezea upande wa ushahidi, maana mtu anaweza kuuliza hiyo bilioni 2.4 imetoka wapi. Ushahidi ninaouamini kuliko wote ni wa salfa, ulitolewa na mtafiti James Farquhar na wenzake mwaka 2000. Gesi ya salfa kutoka volkano ikipigwa na mionzi ya urujuanimno bila ozoni ya kuikinga, inaacha mgawanyo wa ajabu wa isotopi zake (atomi za salfa zinazotofautiana uzito), na ule mgawanyo unatunzwa kwenye miamba. Kwenye miamba ya zamani upo kila mahali, ukifika kama bilioni 2.4 hadi 2.3 unapotea. Hakuna ozoni bila oksijeni, kwa hiyo kabla ya hapo oksijeni hewani ilikuwa chini ya sehemu 1 ya 100,000 ya kiwango cha leo. Yaani kama haipo.

Pili, nenda Witwatersrand kule Afrika Kusini, kwenye ile miamba ya dhahabu. Ndani yake kuna punje za pairaiti (madini ya chuma na salfa) na za madini ya urani ambazo zimeviringwa na mito karibu miaka bilioni 2.9 hadi 2.7 iliyopita. Punje hizo ukizipitisha kwenye mto wa leo zinaliwa na oksijeni hazifiki mbali. Kule ziliviringika kama kokoto na zikabaki.

Sasa linganisha na machimbo ya urani ya Oklo, Gabon. Hapo ndo mimi huwa nasimama kabisa. Oksijeni ilipopanda, urani ikaanza kuyeyuka kwenye maji na kusafiri, ikifika mahali penye mabaki ya viumbe yaliyooza bila oksijeni inaganda tena na kurundikana. Oklo ilirundikana nyingi kiasi kwamba karibu miaka bilioni 2 iliyopita miamba ikawasha mnyororo wa nyuklia yenyewe, bila mtu. Wafaransa waligundua mwaka 1972 walipoona urani-235, ile aina ya urani inayoliwa na mnyororo wa nyuklia, imepungua kwenye madini, 0.717% badala ya 0.720%. Bakteria wa kutoa oksijeni wasingekuwepo, urani ile isingekusanyika. Uhai uligusa mpaka huko.

Ila ile miamba ya mistari ya chuma ambayo huwa inatajwa kama ushahidi wa oksijeni, mimi niko makini nayo. Wapo bakteria wanaotumia mwanga kugeuza chuma kuwa kutu bila oksijeni yoyote, kwa hiyo mstari wa chuma peke yake haukupi jibu.

Nyangumi77
Aisee hiyo ya Oklo sikuwa naijua. Sasa vipi wale viumbe waliokuwepo kabla, wasioijua oksijeni? Na nimesikia dunia iliganda barafu kipindi hichohicho, vinahusiana?

Mwalimu wa Zamu
Kwao oksijeni ilikuwa sumu tupu, inaharibu seli kutoka ndani. Lakini hawakwisha, walijificha, mpaka leo wako kwenye matope ya bahari na kwenye utumbo wa wanyama. Wengine wakajifunza kuitumia na hao ndo waliopata faida, maana seli ikivunja sukari bila oksijeni inapata ATP (chembe za kubebea nguvu ndani ya seli) 2 tu, ikitumia oksijeni inapata kama 30. Kuna bakteria wa aina hiyo aliingia kuishi ndani ya seli nyingine na hakutoka, ndiye mitokondria, mitambo ya nguvu ya seli, tulizonazo sisi sote, jambo ambalo mwanabiolojia Lynn Margulis alilitetea mwaka 1967 wakati wengi hawataki kumsikiliza.

Barafu ndiyo, inahusiana. Jua changa lilikuwa na nguvu kama 70% ya sasa, kwa hiyo bahari zilihitaji blanketi zito la gesi zisigande, na methani ya vijidudu huenda ilikuwa sehemu kubwa ya blanketi hilo. Oksijeni ikaja ikaiteketeza methani, baridi ikaingia, mpaka leo alama za barafu ziko kwenye miamba ya karibu na ziwa Huron, Kanada.

Jiwe la Kale
Hapo kwenye barafu nipinge kidogo mwalimu. Miamba ya Huron inaonyesha barafu zaidi ya mara moja, na haijakaa sawa ipi ilitangulia kati ya barafu ya kwanza na oksijeni. Methani ina nafasi yake ila tusiibebeshe zote. Kaboni dioksaidi nayo ilikuwa inashuka kadiri mabara yanavyoliwa na mvua.

Nyangumi77
Sawa. Kimebaki kile cha mwisho, kutoka bilioni 2.4 mpaka wanyama, karibu miaka bilioni 2 nzima!

Darubini
Kwa sababu oksijeni ilipanda lakini haikupanda sana. Kwa muda mrefu ilibaki chini kabisa ukilinganisha na hii 21% ya leo, na bahari ya chini haikuwa na oksijeni. Kingine ni njaa. Bakteria na mwani wanahitaji fosforasi, na fosforasi inatoka kwenye miamba ya bara tu, haitengenezwi hewani. Ikiwa kidogo, uzalishaji unakuwa kidogo, mabaki ya kufukiwa yanakuwa kidogo, na oksijeni inabaki palepale. Mzunguko umejifunga.

Kilichokuja kuufungua kwa maoni yangu ni zile barafu kubwa mbili za kati ya miaka milioni 717 na 635 iliyopita, ambazo zilifika mpaka karibu na ikweta. Barafu ilisaga mabara, ikayeyuka, unga wote wa miamba ukaingia baharini na fosforasi yake. Na kwenye mabaki ya mafuta ya seli za viumbe yaliyotunzwa ndani ya miamba, mwani unaonekana kuwapiku bakteria baharini katikati ya barafu hizo mbili, kati ya kama milioni 659 na 645. Mwani una seli kubwa kuliko bakteria, unazama haraka, unafukiwa kirahisi zaidi, na unamlisha mlaji mkubwa zaidi. Baada ya hapo miaka milioni 70 tu viumbe wakubwa wapo kwenye miamba. Kwa hiyo kwenye swali lako la nani anamsubiri nani, hapa ilikuwa zamu ya dunia kwanza, halafu mwani ukapokea. Mimea ilipopanda nchi kavu miaka kama milioni 470 iliyopita zamu ikageuka, mimea ndiyo ikaanza kuivunja miamba na kutengeneza yale matope aliyoyasema Jiwe la Kale.