Nataka kununua ukurasa halisi wa katuni na kuagiza mchoro wa baba. Nianzie wapi?

BintiWaTororo

Habari za jioni wanajukwaa. Niko Tororo, nafundisha shule ya msingi, na katuni nimekua nazo. Baba alikuwa dereva wa lori, Mombasa hadi Kampala, na kila alipovuka mpaka wa Malaba alirudi na gazeti la Taifa Leo juu ya dashibodi, limekunjwa tayari kwenye katuni ya Juha Kalulu. Kiswahili cha kusoma nilikipata humo kabla ya kukipata darasani.

Nimeweka akiba shilingi laki sita na nina maswali mawili. Kuna mtu mtandaoni anauza ukurasa anaodai ni halisi, umechorwa kwa mkono, wa komiki ya Kimarekani. Bei naimudu. Picha alizonitumia ni safi sana, karatasi nyeupe pee, saini iko chini. Nitajuaje kama ni kweli?

La pili ndilo lililo moyoni zaidi. Baba anatimiza miaka 70 mwezi wa Desemba. Nataka achorwe kama mhusika wa katuni, yeye na lori lake, ukurasa mzima wenye visanduku. Sijawahi kumwagiza mchoraji kazi yoyote. Namweleza nini, namlipa vipi, na nifanye nini ili sura itoke ya baba na si ya mtu mwingine? Natanguliza shukrani.

FundiFremu_Bombo

Marahaba mwanangu, hata kabla hujaniamkia. Zamani nilipanga kurasa za gazeti Kampala, enzi za mkasi na gundi, na sasa natengeneza fremu hapa Bombo. Michoro ya katuni imepita mikononi mwangu muda mrefu. Umefanya vyema kuuliza kabla pesa haijatoka.

Tuanze na huyo muuzaji. Usafi wa picha zake ndio unaonitia shaka. Ukurasa wa katuni haukuchorwa ili utundikwe ukutani. Ulichorwa ili upigwe picha kiwandani, kwa hiyo mchoraji hakujali pembezoni pakichafuka. Ukiushika utaona penseli chini ya wino, mistari ambayo ufutio haukuimaliza. Utaona rangi nyeupe imepakwa mahali mkono ulipoteleza, jina la kitabu na namba ya ukurasa zimeandikwa juu, pengine na michoro ya penseli ya buluu hafifu, ambayo kamera ya kiwandani ilikuwa haiioni. Kwenye baadhi ya kurasa za zamani viputo vya maneno vilibandikwa, na gundi imeacha madoa ya kahawia. Mimi hayo madoa nayapenda kuliko saini, maana ndiyo yanayokuonyesha mtu akifanya kazi.

Sasa mwambie azime taa ya chumbani, awashe tochi ya simu, ailaze ubavuni mwa karatasi na arekodi video fupi. Eneo kubwa la weusi lililopakwa kwa brashi halilingani: hapa linang'aa, pale limefifia, mapito ya brashi yanaonekana. Wino wa mashine umelala sawasawa kote. Akikusogezea lenzi ukaona vidoti vidogo vidogo, hiyo imechapishwa. Mwombe pia mgongo wa karatasi, kwa sababu nibu ikikandamizwa pengine huacha alama hadi upande wa pili. Mwenye mali halali hatakunyima video ya dakika moja.

Uliza na vipimo. Wamarekani tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 huchorea karatasi nzito ya inchi 11 kwa 17, karibu sawa na A3, na kabla ya hapo walitumia kubwa zaidi. Mchoro hupunguzwa unapoingia kitabuni. Ukiambiwa ukurasa wao halisi ni saizi ileile ya kitabu, simama hapo.

Ila usije ukaukataa ukurasa wa kweli kwa sababu isiyo na msingi. Tangu miaka ya 1990 maneno mengi huwekwa kwa kompyuta, kwa hiyo ukurasa wa siku hizi unaweza kuwa na watu waliofungua vinywa na hakuna neno hata moja. Si kasoro. Tena kuna kazi ambazo mmoja anachora kwa penseli, anaituma kwa skana, na mwenzake aliye nchi nyingine anaichapa kwa buluu hafifu kwenye karatasi nyingine na kutia wino humo. Hapo ukurasa mmoja una karatasi mbili, zote za kweli. Uliza unauziwa ipi. Na wapo wanaochora moja kwa moja kwenye tableti. Hao hawana karatasi ya kuuza, hata wakikuchapia nakala moja tu duniani na kuitia saini.

Matapeli wamezidi kwa sababu ya habari za minada. Januari 2022 huko Dallas ukurasa mmoja wa Mike Zeck wa mwaka 1984, unaohusu vazi jeusi la Spider-Man, uliuzwa dola milioni 3.36. Mwaka mmoja kabla yake, Paris, mchoro wa Hergé wa 1936 uliokusudiwa kuwa jalada la kitabu cha katuni cha Tintin ulifika yuro milioni 3.2, na mikunjo yake inaonekana wazi katikati ya rangi. Mtu akisikia hivyo anadhani kila karatasi ya komiki ni dhahabu, na mwingine anakaa na printa yake kumsubiri.

Laki sita ni pesa nzuri mwanangu. Ila ipeleke karibu, mahali unapoweza kuishika karatasi kwa mkono wako. Pale gazetini mchoro ulikuwa ukija asubuhi, unapigwa picha, kisha unatupwa kwenye boksi chini ya meza. Boksi likijaa, linatoka na takataka. Nilikuwa naumia. Bunge, barabara, bei ya sukari, mambo yote ya nchi yamo humo kwa wino, yanaondoka na maganda ya matoke. Michache niliiomba kwa wachoraji wenyewe na bado ninayo. Wengi wao wapo, Kampala, Nairobi, Dar es Salaam, na baadhi wana mafaili nyumbani ambayo hakuna mtu amewahi kuwauliza habari zake. Mchague mmoja unayemsoma kweli. Mwandikie, mtajie katuni yenyewe na lini ulipoiona, muulize kama karatasi ipo na kama angependa kuiuza. Akitaja bei usimfanyie ya soko la Owino, kushusha na kushusha. Kama haiko ndani ya uwezo wako, mwambie hivyo kwa heshima, uulize kama ana kazi ndogo zaidi.

Kuhusu kutunza, hili naliomba kwa nguvu zote: usipeleke mchoro kwa watu wa lamineshini. Vyeti vyetu tumevizoesha hivyo, lakini joto na gundi vikishaingia kwenye karatasi havitoki tena. Selotepu pia hapana. Mifuko ya plastiki laini inayonuka, hapana. Laza mchoro ndani ya faili gumu, juu na chini karatasi isiyo na asidi kama unaipata, na usiliweke sakafuni, maana mchwa hawabagui sanaa.

WinoMweusi_Kla

Mzee wa Bombo amemaliza la kwanza, namheshimu. Dada, mimi nachora kwa kuagizwa, niko Kampala, wacha nikujibu la pili.

Mchague mchoraji kwa mkono alio nao tayari. Anayechora viongozi wenye vichwa vikubwa gazetini usimwombe akuchoree kwa mtindo wa Kijapani. Na kwa kuwa kuna lori, mwombe akuonyeshe magari aliyowahi kuchora. Wapo wanaochora nyuso vizuri kabisa, lakini gari lao linaelea, halina uzito barabarani.

Halafu punguza hadithi. Wateja wengi wananiletea maisha mazima ya mtu, kuzaliwa hadi wajukuu. Ukurasa mmoja unabeba tukio moja, visanduku vinne hadi sita. Tafuta tukio ambalo baba mwenyewe hulisimulia kila mara wageni wakija. Foleni ya usiku Malaba, tairi lililopasuka Mau Summit, chochote, mradi lina mwanzo na mwisho. Niandikie kwa mistari michache. Mazungumzo andika wewe, kwa Kiswahili anachokisema baba, kwa sababu hicho siwezi kukibuni. Na mwambie mchoraji maneno ayaandike kwa mkono humohumo kwenye karatasi, asiyaweke kwa kompyuta baadaye.

Picha: uso wa mbele, wa ubavu, na moja akiwa anacheka. Moja ya wakati ule alipokuwa barabarani, hata kama imefifia. Lori kwa pande zote zilizopo, na maandishi yaliyokuwa yamechorwa juu ya kioo, kama lilikuwa nayo. Kofia yake, jinsi anavyoshika usukani. Hizo zinatosha. Ukinitumia picha arobaini za harusi, utanichanganya tu. Pembe ya kuangalia na mpangilio wa visanduku niachie mimi, hicho ndicho unachonilipia.

Kazi inapita hatua tatu. Kwanza vijichoro vidogo vya mpangilio, kisha penseli, kisha wino. Sura ya baba ikaguliwe kwenye penseli, tena mwonyeshe mama au shangazi, watu wanaomjua tangu ujana. Hapo nikisahihisha mara mbili au tatu sinuni. Wino ukishakauka, badiliko ni kazi mpya na lina malipo yake.

Malipo: nusu kama arubuni kwa mobaili mani kabla sijaanza, nusu ukishaona picha na video ya ukurasa uliokamilika. Kabla ya hapo tuandikiane, hata kwa WhatsApp: saizi, weusi tu au rangi, aina ya karatasi, tarehe, na nani atalipia usafirishaji. Andika pia kama naruhusiwa kuweka mchoro kwenye ukurasa wangu na kama wewe unaruhusiwa kuuchapa kwenye fulana au kalenda. Kumiliki karatasi na kumiliki haki ya kuizalisha ni vitu viwili, na Sheria ya Hakimiliki ya Uganda ya 2006 inazigusa kazi za kuagizwa, kwa hiyo msiache jambo hilo hewani.

Omba wino wa India, ule mweusi wa wachoraji, kwenye karatasi nzito. Manila ya shule inageuka njano na kukatika. Kalamu za kawaida za rangi na biro hufifia kwenye mwanga. Kama unapenda rangi, ushauri wangu ni ukurasa wenyewe ubaki mweusi na mweupe, rangi tuziweke kwenye kompyuta, upate na nakala ya rangi ya kuwagawia ndugu.

Na usingoje Novemba. Mwisho wa mwaka kila kampuni inataka kalenda na kadi, tunakesha. Weka oda Septemba.

Msafiri_Arua

Naongeza kidogo kwa anayetaka kununua nje. Nunua kwa mchoraji mwenyewe au wakala anayetajwa kwenye ukurasa wa mchoraji. Kuna tovuti inaitwa ComicArtFans ambako wakusanyaji huonyesha kurasa walizonazo; tafuta humo ukurasa unaouziwa, mara nyingine utakuta uko nyumbani kwa mtu mwingine kabisa. Linganisha na kitabu kilichochapishwa, mstari kwa mstari. Mchoro wa kweli na kitabu hulingana, isipokuwa pale paliporekebishwa.

Mwambie autume ukiwa bapa kati ya mbao mbili nyembamba au kadibodi ngumu, usikunjwe wala kuviringishwa, na uwe na namba ya kufuatilia. Waulize URA, watu wa kodi wa Uganda, mapema utatozwa nini. VAT peke yake ni asilimia 18, na inaweza kuivunja bajeti yako ukiwa umeshalipa.

BintiWaTororo

Shikamoo mzee, na asanteni sana nyote. Nimemwomba yule muuzaji video ya tochi. Kanijibu kwamba wanunuzi makini hawaulizi mambo hayo, kisha kashusha bei kwa nusu bila mimi kuomba. Nimeachana naye.

Pesa yote naipeleka kwenye mchoro wa baba. Tukio nimelipata: usiku alioukesha Malaba akiwafundisha matandiboi watatu kusoma kwa kutumia gazeti, kwa mwanga wa taa ya kebini. Hulisimulia kila Krismasi. Swali moja limebaki. Sebule yao ina ukuta mmoja tu wa wazi, nao hupigwa na jua la saa kumi kupitia mlangoni. Nitundike hapo au?

FundiFremu_Bombo

Marahaba mwanangu. Tukio hilo ni zuri mno, mchoraji atalifurahia, maana kuna giza na taa moja, na wino unapenda hivyo.

Jua la saa kumi hapana. Wino wa India utastahimili, lakini karatasi itaungua rangi. Kama ukuta ni huo huo, tundika ile nakala ya rangi hapo, ikififia mtachapa nyingine, na karatasi halisi iwekwe chumbani kwa baba, ukuta wa ndani, usio wa nje unaonyonya mvua ya Aprili. Fremu iwe na kadibodi nene iliyokatwa dirisha, ili kioo kisiguse wino. Kioo kikigusa, unyevu ukiingia hunata na kuzaa ukungu. Mchoro ushikwe kwa vipembe vya karatasi, usigundishwe. Nyuma ya fremu bandika vipande viwili vya koki, ile ya vizibo vya chupa, kwenye pembe za chini, hewa ipite na uwaone mchwa mapema.

Ukikamilika nitumie vipimo vya karatasi yote na vya eneo lililochorwa, vyote viwili, kabla hujakata kioo popote.