Kikundi chetu cha Jumamosi cha kuandika programu kinakufa, wenzetu mnafanyaje?

Kijana_wa_Sinza

Wakuu habari zenu, naomba ushauri kwa wenye uzoefu maana hili jambo linaniuma kweli. Tupo wanne, tulisoma wote chuo, sasa hivi kila mtu na hangaiko lake, mmoja yupo benki kitengo cha kompyuta, mmoja anafundisha sekondari, mmoja anatengeneza simu Kariakoo, mimi nashughulika na data kwenye ofisi ya usafirishaji. Mwaka jana mwezi wa tatu tulikubaliana kila Jumamosi saa nne asubuhi tukutane kwangu, kila mtu na laptopu yake na kitu chake binafsi anachokiandika, sio kazi ya ofisi wala ya mteja, kitu ambacho mtu anakitaka mwenyewe.

Mimi naandika programu ya kikoba cha mama. Wanatumia kaunta buku moja kubwa, na kila ukifika wakati wa kugawana lazima yatokee maneno nani alinunua hisa ngapi wiki ipi. Huyu wa Kariakoo anaandika bao la kiswahili, lile lenyewe la mashimo 32 na kete 64, uchezee kwenye simu. Na ngoja niwape mfano kwa nini nayapenda haya makutano. Jamaa alikaa karibu mwezi anasema mchezo wake unaenda vibaya lakini haoni wapi, maana alikuwa ameweka ukaguzi wa kuhesabu kete baada ya kila zamu na kila mara jumla ni 64, hakuna iliyopotea. Siku moja mwalimu, ambaye faili la bao lile, lililoandikwa kwa Python (lugha ya kuandikia programu), hajawahi hata kulifungua ila amekulia barazani kwa babu yake anaangalia wazee wanacheza, alikuwa anapita nyuma yake na kikombe cha chai akasimama. Akasema hapo umekula kwenye kimbi (mashimo ya pembeni), kete ulizokula zinatakiwa zianzie kichwa, yaani shimo la mwisho, cha upande huohuo, wewe umeendelea kuzungusha ulikokuwa unaelekea. Basi. Mwezi mzima umeisha kwa sentensi moja. Hiyo huipati kwenye grupu la WhatsApp.

Sasa hivi mambo yamelegea. Mtu anakuja saa sita, tunaanza na Simba na Yanga, halafu mmoja anafungua video ya mafunzo tunaangalia wote, ikifika saa tisa hakuna aliyeandika hata mstari. Jumamosi iliyopita nilinunua maandazi, nikapanga viti, nikavuta ekstensheni mpaka mezani, hakuja mtu. Huyu wa benki anasema tatizo ni kila mtu na lake, bora tuungane tutengeneze apu moja kubwa ya kuuza ndo tutapata morali. Nyie mnaonaje?

Fundi_Terminali

Mkuu, hapo kwenye apu moja ya kuuza kaa mbali kabisa, nakuomba. Sisi kundi letu lilidumu miaka miwili na lilikufa ndani ya wiki tatu tangu tulipoamua hivyohivyo. Tulikuwa watano, ikaja hoja ya apu ya bodaboda, na kabla hatujaandika kitu chochote tukaanza kugawana asilimia, nani ana wazo, nani ana laptopu nzuri, nani ana mjomba mwenye pikipiki nyingi. Mmoja akapewa 15 akasema yeye ndo ataandika kazi yote kwa nini apewe 15, wakarushiana maneno, na wale watu wawili mpaka leo hawasalimiani. Ilikuwa mikutano mitamu sana ile, mimi nilijifunzia Git (programu ya kutunza kila badiliko la kazi yako) pale, na kabla ya hapo hakuna aliyekuwa anamdai mwenzake chochote, unaelewa? Ukiwa na kitu chako ukishindwa wiki hii umeshindwa mwenyewe, unacheka unakula maandazi unarudi tena. Ikiwa ya wote, usipokuja unakuwa umewaangusha watu, kwa hiyo unaanza kukwepa hata simu zao.

Watu watakwambia kampuni kubwa zilianzia kwenye vikundi, ni kweli, lakini angalia zilianzaje. Homebrew Computer Club, kikundi cha wapenda kompyuta kule California, mkutano wa kwanza tarehe 5 Machi 1975 kwenye gereji ya jamaa anaitwa Gordon French pale Menlo Park, walikuwa wanakutana kila baada ya wiki mbili na kila mtu anakuja na lake. Steve Wozniak alikuwepo siku hiyo ya kwanza, akarudi nyumbani akaanza kuchora kompyuta yake kwa sababu alitaka kuwa nayo, baadaye akawa anaileta pale kuonyesha na michoro anagawa bure. Hiyo ndo ikaja kuwa Apple I, kompyuta ya kwanza ya kampuni ya Apple. Kundi lenyewe halikuwa na bidhaa. Na walikuwa na utaratibu, kulikuwa na muda wa watu kusimama kusema wanafanya nini na wanatafuta nini, halafu muda wa kutawanyika kila mtu amfuate yule aliyemsikia. Gereji imejaa watu lakini mtu anajua kwa nini amekuja.

Kwa hiyo kwenu mimi ningefanya hivi. Saa nne kamili, hata mkiwa wawili, kila mtu anaandika kwenye karatasi atafanya nini leo, kitu kidogo cha kumalizika, sio "nitaendelea na kikoba" bali "mtu akiingiza hisa zaidi ya tano programu imkatalie". Karatasi inakaa katikati ya meza. Halafu kimya mpaka saa saba, video hakuna, mpira hakuna, ukikwama dakika ishirini unamwita mtu. Saa saba kila mtu anageuza skrini anaonyesha alichofanya, hata kama ni bagi tu (kosa kwenye programu) anaonyesha hiyo bagi. Baada ya hapo pigeni mpira wenu mpaka magharibi. Ule muda wa kuonyesha msiuruke, ndo unaomleta mtu wiki inayofuata, mtu hapendi kuja mikono mitupu mara mbili.

msee_wa_Ngara

Niko Nairobi, na hii kitu imenigusa kwa sababu tumekuwa tukifanya hivyo tangu enzi iHub (mahali pa kukutania watu wa teknolojia) ikiwa Bishop Magua Centre kule Ngong Road, hiyo ilifunguliwa 2010. Wakati huo ilikuwa rahisi kwa sababu mahali palikuwepo na wifi ilikuwepo. Siku hizi tunakutana nyumbani kwa watu, na nakubaliana na Fundi hapo juu, ila kuna kitu hajasema.

Angalia yule ambaye aliacha kuja kwanza. Mara nyingi si mvivu. Kwetu alikuwa jamaa mmoja aliyekuwa anajifunza JavaScript, lugha nyingine ya programu, peke yake, na kila akiuliza swali kuna mtu alikuwa anasema "kwani hujui hiyo?" Alisema hivyo bila ubaya wowote, ni mazoea tu ya maboyz, lakini yule jamaa aliacha kuuliza, halafu akaacha kuja, na tulikuja kujua sababu baada ya mwaka mzima. Kuna mahali New York panaitwa Recurse Center, palianza 2011, watu huenda wiki sita au kumi na mbili kuandika programu zao, hakuna mwalimu hakuna mtihani, na wako na sheria ndogo ndogo nne za kuishi pamoja. Moja yao ni kwamba usijifanye kushangaa mwenzako hajui kitu. Tuliichukua hiyo tukaibandika ukutani na ilibadilisha kila kitu, kwa sababu kumbe hata sisi wakubwa kulikuwa na maswali tulikuwa tunaficha.

Na bro, hiyo ya kikoba, pesa hifadhi kama namba nzima, usitumie desimali. Ukiambia Python ijumlishe 0.1 na 0.2 itakupa 0.30000000000000004, sasa hiyo ikirundikana kwa riba za akina mama thelathini mwaka mzima utaeleza nini siku ya kugawana?

binti_wa_Kibaha

Samahani nauliza, nyie bando mnafanyaje? Sisi tukikutana GB zinaisha saa moja, na umeme ukikatika ndo basi tena.

Fundi_Terminali

Dada, intaneti haihitajiki kiasi hicho. Git inafanya kazi yote bila mtandao, unahifadhi mabadiliko hapohapo kwenye laptopu, unapeleka GitHub (hifadhi ya mtandaoni) ukifika penye wifi. Maelezo ya Python yanapakuliwa yote mara moja unayaweka kwenye flashi mnagawana. SQLite, ya kuhifadhia data, ni faili moja tu, haitaki seva. Na mkitaka kutumiana vitu, mtu mmoja awashe hotspoti hata kama data ameizima, wengine wajiunge, kompyuta zinaonana vizuri tu bila kula MB hata moja. Umeme changieni LUKU, sisi ilikuwa elfu mbili kila mtu anampa mwenye nyumba akifika mlangoni, sio mwisho wa siku, mwisho wa siku watu husahau.

Mama_wawili_Mwanza

Nimesoma yote, nina mawili ya kusema.

La kwanza, kaka wa Sinza hujasema nani anapika. Samahani lakini nauliza kwa sababu nimeliona. Mume wangu alikuwa na kikundi kama hiki, wanaume sita sebuleni tangu asubuhi, na mimi nilikuwa naandika programu kabla hajaanza yeye, lakini Jumamosi nzima nilikuwa jikoni na pilau, watoto nimewafungia chumbani wasipige kelele. Hakuna aliyeniambia nikapike, ilitokea tu, na ndo ubaya wake. Nilipomwambia alishtuka kweli, siku iliyofuata wakaanza kununua chipsi kwa kuchanga na zamu ya kuosha vyombo. Kama hapo kwako kuna dada au mke au mama, muulize kikundi kikifa yeye ataumia au atapumua.

La pili, sio lazima iwe siku nzima wala sebule. Sisi tupo watatu, wote tuna watoto, mmoja Bukoba, mmoja Dodoma, mimi hapa. Jumapili saa tatu usiku watoto wakishalala tunapigiana simu ya video, tunasemezana dakika tano kila mtu anafanya nini, halafu tunazima sauti ila picha inabaki. Dakika hamsini. Nawaona wenzangu wameinamisha vichwa, yule wa Bukoba huwa anajifunika khanga mabegani kwa baridi, na siwezi kukuelezea vizuri lakini nikiwaona siwezi kufunga laptopu. Tukimaliza tunaongea kidogo tunalala. Tuna mwaka na nusu na tumekosa mara chache sana, nadhani kwa sababu tunaomba kidogo. Mimi kwa dakika hamsini hizo nimemaliza programu ya kufuatilia chanjo za wanangu na tarehe za kliniki, sasa hivi naandika ya bajeti ya nyumbani.

Kijana_wa_Sinza

Wakuu na dada zangu asanteni sana, nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka nijaribu kwanza.

Kwanza dada wa Mwanza, nakaa na mdogo wangu wa kike na nilimuuliza. Alinyamaza kwanza, halafu akasema chai ya Jumamosi huwa anaiamkia saa moja. Nilijisikia vibaya mno. Sasa hivi kila anayekuja anakuja na kitafunwa chake na chai naipika mwenyewe, na yeye ameomba akae na sisi, anasoma mambo ya hesabu za biashara chuoni.

Apu ya pamoja tumeiacha, nilimwonyesha wa benki stori ya ile asilimia 15 akaelewa. Mwalimu nilimpigia faragha nikamuuliza kwa nini ameacha kuja, na kweli ilikuwa kama alivyosema msee wa Ngara, kuna siku tulimcheka hajui kutumia matawi (njia za pembeni za kujaribia mabadiliko) kwenye Git. Nimemwomba radhi. Jana alikuja, tulikuwa watatu na mdogo wangu wa nne, karatasi ikawekwa mezani, saa nne mpaka saa saba hakuna aliyetaja mpira.

Halafu mama akapita kuchukua mtungi wa gesi, ilikuwa ndo muda wa kuonyesha, nikamwambia kaa uangalie jina lako. Akavaa miwani. Akasema mbona hapa nina hisa 41, mimi nina 43. Nikamwambia mama nimeingiza yote kutoka kwenye kaunta buku. Akasema niletee nione, kikawa kimya kabisa, mdogo wangu ndo akaanza kusoma kwa sauti wiki moja moja na mimi nalinganisha kwenye skrini mpaka tukafika wiki ya Idi. Kumbe wiki hiyo kikoba kilikaa mara mbili, Jumatatu walikaa kama kawaida halafu Ijumaa wakakaa tena kwa sababu ya sikukuu, na mimi programu yangu ilikuwa inatambua kikao kwa namba ya wiki, kwa hiyo cha Ijumaa kilifuta cha Jumatatu. Sio mama peke yake, ni wanachama wote 27 wamepungukiwa.

Nabadilisha kitambulisho kiwe tarehe ya kikao. Nimeshaiandika kwenye karatasi ya Jumamosi hii, na mama amesema atakuja na mweka hazina wao.