Ombi la kuhifadhi data iliyoko nje: ni ofisi ipi ya Kenya inayopaswa kuandika, na kwa nani?

Mhasibu wa Industrial Area

Ndugu wanajukwaa, salamu. Naomba mwongozo wa wenye ujuzi wa sheria na upelelezi. Mimi ni mhasibu katika kampuni ndogo ya kuagiza vipuri hapa Nairobi. Hivi karibuni mtu tusiyemjua aliingilia mawasiliano yetu na muuzaji tuliyefanya naye biashara kwa miaka mingi, akatutumia ankara iliyofanana na ile halisi kwa kila kitu isipokuwa nambari ya akaunti ya benki, nasi tukalipa. Tumepiga ripoti katika kituo cha polisi na tumepewa nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi. Anwani ya barua pepe aliyoitumia ilifunguliwa kwa kampuni ya Marekani, na akaunti iliyopokea fedha iko katika benki ya nchi moja ya Ulaya.

Kinachonitatiza ni kwamba kila ninayemuuliza ananielekeza kwingine. Mmoja amesema niiandikie KE-CIRT, kitengo cha kitaifa cha kushughulikia mashambulizi ya mtandao, mwingine ofisi ya Mwanasheria Mkuu, na wa tatu Interpol. Nimesoma pia kwamba nchi nyingi zimeteua ofisi za mawasiliano zinazopatikana saa 24 kwa ajili ya uhalifu wa mtandao. Je, ya Kenya ni ipi, na kampuni inaweza kuiandikia yenyewe? Nahofia kwamba tukingoja barua rasmi ipite ngazi zote, kumbukumbu za seva zitakuwa zimekwisha kufutwa.

Wakili wa Upper Hill

Ndugu Mhasibu, pole kwa yaliyowafika. Hofu yako ya mwisho ni ya haki, na ndiyo iliyowafanya watunga sheria watenganishe kazi mbili ambazo watu wengi huzichanganya. Kazi ya kwanza ni kuzuia data isipotee, nayo inataka haraka. Ya pili ni kuipata data hiyo kwa njia ambayo mahakama itaikubali, na hiyo inataka karatasi. Ofisi inayofanya ya kwanza si lazima iwe ndiyo inayofanya ya pili.

Hapa Kenya, Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya mwaka 2018 ina sehemu nzima kuhusu ushirikiano wa kimataifa, kuanzia kifungu cha 57 hadi cha 65. Mamlaka kuu inayotajwa humo ni ofisi ya Mwanasheria Mkuu, ambayo pia ndiyo mamlaka kuu chini ya Sheria ya Usaidizi wa Kisheria Baina ya Nchi ya mwaka 2011. Ombi rasmi la kutaka ushahidi kutoka nje hupitia hapo, na maombi ya nchi nyingine kwetu hupokelewa hapo. Lakini kifungu cha 65 kinaitaka mamlaka hiyo ihakikishe kwamba chombo kinachopeleleza uhalifu wa mtandao kimeteua kituo cha mawasiliano kinachopatikana saa 24, siku zote saba za wiki, ili kitoe ushauri wa kiufundi, kihifadhi data, kikusanye ushahidi, kitoe maelezo ya kisheria na kusaidia kuwatafuta washukiwa. Kwa maneno mengine, kituo cha haraka kimewekwa mikononi mwa wapelelezi, na ombi la ushahidi limeachwa mikononi mwa wanasheria wa Serikali.

Mpangilio huo haukubuniwa Nairobi. Unafuata Mkataba wa Budapest wa Baraza la Ulaya, uliofunguliwa kutiwa saini tarehe 23 Novemba 2001 na kuanza kutumika Julai 2004, ambao kifungu chake cha 35 kiliunda mtandao wa vituo vya saa 24. Kifungu cha 29 cha mkataba huo kinaruhusu nchi moja kuiomba nyingine ihifadhi data mara moja, kabla ya ombi rasmi kuandikwa, na data hiyo ikae kwa siku zisizopungua 60 ili ombi hilo lipate nafasi ya kufika. Kanuni yake ni kwamba nchi inayoombwa haipaswi kudai kwanza kuthibitishiwa kuwa kosa hilo ni kosa pia katika sheria zake, ingawa nchi nyingine zimejiwekea ubaguzi kwa baadhi ya makosa. Sababu ni kwamba kuhifadhi hakumfunulii mtu siri za mwenzake. Kunazuia tu zisifutwe. Masharti magumu yanakuja baadaye, wakati wa kufungua.

Kuhusu swali lako la pili, jibu ni hapana. Kampuni au raia haandiki kwa vituo hivi, wala wakili wa mlalamishi. Anayeandika ni afande aliyekabidhiwa jalada. Wajibu wako ni kuhakikisha kwamba jalada limetoka katika kituo mlikopiga ripoti na kufika kwa wapelelezi wa uhalifu wa mtandao wa Kurugenzi ya Upelelezi wa Jinai (DCI), Kiambu Road, kwa sababu afande wa kituo cha mtaani anaweza kufanya kazi miaka mingi bila kukutana na kifungu cha 65. Kwa maoni yangu hilo ni pengo kubwa kuliko mapengo ya sheria yenyewe. Maafisa wa kila kituo wangepaswa kujua kwamba njia hii ipo na nani anaifungua, maana mlalamishi hawezi kuomba asichokijua.

Mlinzi wa Mitandao

Nakubaliana na Wakili, ila KE-CIRT isionekane kuwa haina kazi katika jambo hili. Kitengo hicho kiko chini ya Mamlaka ya Mawasiliano, Waiyaki Way, na kazi yake ni kupokea taarifa za mashambulizi, kutoa tahadhari na kushirikiana na vitengo vya aina yake vya nchi nyingine katika mambo ya kiufundi. Kinaweza kusaidia kufungwa kwa tovuti bandia au kuwatahadharisha wengine wanaolengwa na wezi walewale. Hakiandiki ombi la ushahidi wa jinai. Ripoti kwao, lakini usidhani kwamba umemaliza.

Lipo jambo ambalo halihitaji kibali cha nchi yoyote. Ikiwa barua pepe za kampuni yenu zinahifadhiwa kwenye seva za nje, hizo ni data zenu. Sheria ya 2018, katika kifungu cha 62, inatambua kwamba data iliyoko nchi nyingine inaweza kupatikana kwa ridhaa ya mtu mwenye mamlaka halali ya kuitoa, na kwa sanduku lenu la barua mwenye mamlaka hayo ni ninyi. Mwambieni msimamizi wa mfumo wenu apakue leo kumbukumbu za watu walioingia kwenye akaunti zenu, pamoja na barua za mwizi zikiwa katika hali yake ya asili, yaani faili nzima yenye maelezo ya njia iliyopitia, wala si picha ya skrini wala nakala iliyotumwa upya kwa mtu mwingine. Ukiituma upya, sehemu kubwa ya maelezo hayo hupotea. Huduma nyingi hufuta kumbukumbu za kuingia baada ya muda mfupi, na hakuna mtu wa Marekani atakayewazuilia zisifutwe kama ninyi wenyewe hamjazichukua.

Angalieni sana saa. Kumbukumbu nyingi huandikwa kwa saa ya kimataifa (UTC), nayo Nairobi iko mbele yake kwa saa tatu. Ombi likitaja saa bila kusema ni ya wapi, mtoa huduma atamtafuta mtu mwingine kabisa aliyekuwa akitumia anwani ileile ya IP, yaani nambari inayotambulisha muunganisho wa intaneti, kwa wakati huo. Katika mitandao ya simu ni vibaya zaidi, kwa sababu mamia ya wateja huweza kugawana anwani moja kwa dakika moja, na bila nambari ya mlango wa muunganisho (port) huwezi kuwatofautisha.

Anayepakua kumbukumbu hizo ndiye atakayetia saini cheti cha kuthibitisha ushahidi wa kielektroniki kinachotakiwa na kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, kwa hiyo mchagueni mtu atakayeweza kusimama mahakamani.

Mpelelezi Mstaafu

Niongeze kuhusu Interpol. Ofisi yake ya kitaifa ya Nairobi iko ndani ya DCI na ina mfumo salama wa mawasiliano uitwao I-24/7, unaoiunganisha na ofisi kama hiyo katika kila nchi mwanachama. Njia hiyo ni nzuri sana kwa kupata taarifa: akaunti ni ya nani, mtu huyo anatafutwa kwingine, yuko nchi gani. Lakini taarifa ya polisi kwa polisi humwelekeza mpelelezi tu. Mara nyingi haitoshi kuwasilishwa mahakamani. Nimeona majalada mazuri yakikwama kwa sababu mpelelezi aliridhika na jibu la njia hiyo, akasahau kupeleka ombi rasmi kupitia kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma na Mwanasheria Mkuu, na aliposhtuka muda wa kuhifadhi data ulikuwa umekwisha.

Kwa upande wa Marekani, wenzetu nao wamezigawa kazi hizi mbili. Kituo cha saa 24 kiko katika kitengo cha uhalifu wa kompyuta cha Idara ya Sheria, na maombi rasmi hupokelewa na ofisi ya masuala ya kimataifa ya idara hiyohiyo. Sheria yao humlazimu mtoa huduma kuhifadhi alichonacho kwa siku 90 anapoombwa na chombo chao cha serikali, na muda huo unaweza kuongezwa siku 90 nyingine. Jina la aliyesajili akaunti hupatikana kwa masharti mepesi kiasi. Yaliyoandikwa ndani ya barua hayapatikani mpaka hakimu wa kule aridhike kwamba kuna sababu ya kutosha ya kuamini kwamba ushahidi wa kosa umo ndani ya akaunti hiyo, na hapo ndipo maombi mengi kutoka nje hurudishwa: yanasema uhalifu ulitendeka, lakini hayaonyeshi jinsi akaunti hii hasa inavyohusika.

Na fedha, ndugu yangu? Hizo zina njia yake na hazingoji hata kituo cha saa 24. Benki yenu ilipaswa kutuma ujumbe wa kuzirudisha kwa benki iliyopokea siku ileile mlipogundua. Kama haijatuma, nenda kesho asubuhi na nambari ya OB mkononi.

Mwanafunzi wa Sheria, Parklands

Wakili, samahani kwa kuingilia. Nchi isiyo mwanachama wa Budapest hutumia nini? Na ule mkataba mpya wa Umoja wa Mataifa unabadilisha chochote katika hili?

Wakili wa Upper Hill

Swali zuri. Budapest ina wanachama zaidi ya 70, wakiwemo Mauritius, Senegal, Ghana na Nigeria katika bara letu, lakini si mlango pekee. Kuna mtandao wa saa 24 ulioanzishwa na kundi la G8 mwaka 1997, ambao sasa unaitwa wa G7 na umefunguliwa kwa nchi nyingi zilizo nje ya kundi hilo. Kwa nchi za Jumuiya ya Madola kuna Mpango wa Harare wa mwaka 1986 kuhusu usaidizi katika mambo ya jinai. Pasipo mkataba wowote, nchi bado zinaweza kusaidiana kwa kuahidiana kutendeana vivyo hivyo.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa ulipitishwa na Baraza Kuu tarehe 24 Desemba 2024 na kufunguliwa kutiwa saini mjini Hanoi mwezi Oktoba 2025. Utaanza kutumika siku ya 90 baada ya nchi ya 40 kuuridhia. Kifungu chake cha 41 kinataka kila mwanachama awe na kituo cha saa 24, na cha 42 kinahusu kuhifadhi data kwa haraka, kwa hiyo kwa Ndugu Mhasibu sura ya ombi ingekuwa karibu ileile. Kinachowatia wengi wasiwasi, nami nikiwamo, ni kwamba unaruhusu kubadilishana ushahidi wa kielektroniki kwa makosa yoyote mazito, hata yasiyo ya mtandao, na kinga za haki za binadamu zitategemea sana sheria ya kila nchi. Mamlaka kuu inayopokea maombi ndiyo italazimika kujua ni lipi la kukataa.

Mhasibu wa Industrial Area

Nawashukuru nyote. Msimamizi wetu ameanza kupakua kumbukumbu, na kesho tunakwenda benki na Kiambu Road. Je, tumwandalie afande nini ili asikwame?

Mpelelezi Mstaafu

Mwandalie ukurasa mmoja unaojibu yale ambayo ombi la kuhifadhi data lazima liseme: kosa gani linapelelezwa na muhtasari wa matukio, ni data gani hasa inayotakiwa kuhifadhiwa na inahusianaje na kosa hilo, nani anayeishikilia, kwa nini kuna haraka, na kwamba ombi rasmi litafuata. Andika anwani ya barua pepe ya mwizi herufi kwa herufi, na muiangalie watu wawili, kwa sababu wezi hawa hupenda kubadilisha herufi moja tu ya jina la muuzaji na jicho huisahihisha lenyewe. Weka tarehe na saa pamoja na kusema ni saa ya wapi. Kisha mwombe afande, kwa heshima, akuambie tarehe ambayo hifadhi itaisha mara tu atakapojibiwa, na uiandike kwenye kalenda ya ofisi yenu, ili mumkumbushe mapema kuhusu ombi rasmi au kuongezwa kwa muda.