Kuchomelea manowari: Bath ya Maine au Newport News ya Virginia?

MtotoWaUvira: Habari zenu wakubwa. Viwanda viwili vya hapa Marekani vimeniita kuchomelea meli za kivita. Bath wanajenga destroya za Arleigh Burke, Newport News manowari za kubeba ndege na nyambizi. Natakiwa kujibu Ijumaa. Niende wapi?

FundiChuma: Mbona hujasema la maana? Una uraia? Familia? Umewahi kuchomelea nini?

MtotoWaUvira: Uraia ninao. Mageti na madirisha, miaka 6. Naishi Lewiston, hapa hapa Maine.

Baharia_Tanga: Newport News, moja kwa moja! Manowari za kubeba ndege za Marekani zinajengwa pale tu. Tena wana shule ya ufundi tangu 1919, unasoma huku unalipwa.

MamaNeema: Lewiston una kanisa, una ndugu wa kukuangalizia watoto. Virginia unamjua nani?

FundiChuma: Kaka, geti na meli ni mbali kabisa. Mshono wako unapimwa kwa eksirei. Ukikutwa na kitundu unaukwangua wote kwa grainda, unaanza upya. Na ogopa matangi. Kiwanda nilichokuwepo sikitaji. Niliingia tangi la chini kabisa, tundu lake unapitisha mkono, kichwa, halafu bega. Mtu huko juu akachomoa feni ya kunyonya moshi, akachomeka grainda yake. Kichwa kikaanza kugonga, nikadhani njaa. Nikamwita mlinzi wa moto, yule wa kunichunga nje nikichomelea, kimya, kumbe ameondoka. Nilitambaa hadi kwenye tundu, nikatapika hapo hapo. Siku hizi siingii kabla sijaweka kiganja kwenye bomba la feni nikasikia hewa inavuta.

MamaNeema: Mungu wangu. Pole sana.

Baharia_Tanga: Lakini hizo Burke za Bath ni chuma kitupu, utajifunza vizuri. Mwaka 1975 meli ya kivita Belknap iligongana na manowari ya kubeba ndege John F. Kennedy, sehemu ya juu ya Belknap, ya alumini, ikateketea. Ndiyo maana wakarudi kwenye chuma.

Nahodha_K: Si kitupu. Burke za kwanza dohani zake ni alumini.

Baharia_Tanga: Dohani si meli, mkuu.

Nahodha_K: Inachomelewa na nani, basi? Alumini ina ufundi wake, aulize kama watamfundisha. Destroya za aina ya Zumwalt, mbili za kwanza hata chumba cha juu si chuma wala alumini. Ya tatu ndiyo wakarudi kwenye chuma.

FundiChuma: Mwacheni ajibu. Familia je?

MtotoWaUvira: Mke ana mimba ya miezi 7. Mzee FundiChuma, hiyo feni anayekagua ni nani, mimi au msimamizi?