Naomba ushauri: nifundisheje somo la kiharusi kwa walimu tarajali wenzangu?

Mleta mada: Ndugu wanajukwaa, mimi ni mwanachuo wa ualimu, na kesho nitafundisha wenzangu somo la majaribio kuhusu kiharusi mbele ya mkufunzi. Nilipowauliza wanabweni, wengi walisema ni ugonjwa wa wazee na kwamba huanzia moyoni, si kwenye ubongo. Nianzie wapi? Na je, dalili zikija kisha zikaondoka zenyewe, zinahesabika?

Mwalimu Mkongwe: Anza na uso, mkono na usemi, kwa kuwa mwanafunzi huyashika mambo haya kwa kuyatenda: amwombe jirani yake atabasamu, ainue mikono yote miwili, kisha arudie sentensi fupi. Mdomo ukienda upande, mkono ukishuka wenyewe au maneno yakivurugika, ni kukimbilia hospitali. Tatizo la wanachuo wa leo ni kukariri kwa ajili ya mtihani tu.

Binti wa Kwanza: Baba yetu alilalamika usiku kuwa mkono una ganzi, tukamwambia alale, ni uchovu. Asubuhi hakuweza kusema. Daktari alituuliza mara ya mwisho kuonekana mzima ilikuwa saa ngapi, kwa sababu dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu, na sisi tulikuwa tumezilala zote.

Muuguzi wa Zamu: Pole sana, dada. Mleta mada, swali lako la mwisho si la somo. Ni nani aliyepatwa na dalili hizo, na lini?

Mleta mada: Ni mimi. Jana jioni nilikuwa nikifanya mazoezi ubaoni, chaki ikaniponyoka, mkono wa kulia ukawa mzito na maneno yakanigomea kwa dakika kama 15. Sasa ni mzima, nina miaka 24, na nimemeza aspirini. Nimeamua kwenda hospitali baada ya somo, kwa maana alama zake hazirudiwi muhula huu.

Msoma Nyuzi: Samahani, siamini. Aliyepatwa na jambo hilo asingeanza kwa kuuliza mbinu za kufundishia. Naona ni kazi ya darasani iliyovishwa huzuni ili tumwandikie majibu.

Mwalimu Mkongwe: Nami umri huo unanitia shaka.

Muuguzi wa Zamu: Vijana hupata kiharusi, ingawa si mara nyingi kama wazee. Dalili zinazopita ni onyo, na hatari ya kiharusi kamili huwa kubwa zaidi katika siku 2 za mwanzo, ambazo kesho ya somo lako imo ndani yake. Usiongeze aspirini kabla ya kupigwa picha ya ubongo, kwa sababu kuna kiharusi kinachotokana na mshipa uliopasuka kwenye ubongo. Nenda sasa, usiende peke yako, na ukifika usiseme tu kwamba ulisikia kizunguzungu, bali taja saa dalili zilipoanza na zilipoisha.

Mleta mada: Sijabuni. Nilianza na somo kwa sababu niliogopa kuandika ugonjwa huu pamoja na neno "mimi". Zilianza saa 12:40 jioni, zikaisha kabla ya saa 1. Nimeandika kwenye karatasi, na ile aspirini pia. Ninayeishi naye chumbani amekwisha kuvaa viatu, tunatoka.